Aibu ya Kuuliza

 

Mwezi wa Mfunguo Sita uliopita tulikuwa Nairobi kwa arusi ya jamaa zetu wa Majengo, Pumwani. Siku moja kabla ya karamu, baada ya sala ya alfajiri, mwenyeji wetu alitutaka tufuatane naye kwenda kununua nyama katika Soko la Burma, lililo kando ya Barabara ya Jogoo, kwani nyama ya huko ni nyingi na bei yake hupatana. Alikuwa pamoja nasi mjukuu wake, mtoto wa miaka saba. Tulipofika sokoni, mtoto yule alimshika babu yake kanzu, akamuuliza: "Babu, Burma ni nani?"

Tulicheka sote. Babu akamjibu kuwa Burma ndilo jina la soko. Mtoto akasema: "Najua ni jina. Ni jina la nani?" Hapo kicheko kikakatika, kwani hapakuwa hata mmoja katika sisi, watu wazima watatu wenye mvi ndevuni, aliyekuwa na jibu. Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya kreti, akingoja nyama yake ipimwe. Akamwambia mtoto kwamba Burma si mtu, ni nchi iliyo mbali sana upande wa Bara Hindi, na kwamba katika Vita Vikuu vya Pili babake alichukuliwa huko na Waingereza pamoja na askari wengine wa King's African Rifles.

Mtoto akauliza: "Walikwenda kufanya nini?"

"Kupigana."

"Waligombana na nani?"

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Hawakugombana na mtu."

Tuliporudi nyumbani tuliitafuta khabari hiyo vitabuni. Nchi ile serikali yake yaiita Myanmar tangu mwaka 1989. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndani yake walikuwamo vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilipita Bonde la Kabaw katika mvua kubwa na matope, ikiwasukuma Wajapani. Waliosalimika walirudi makwao baada ya vita kwisha mwaka 1945, na wenyeji husema hao ndio walioliletea soko jina lake.

Tumeyaeleza haya kwa urefu si kwa sababu ya soko. Sisi twafika Nairobi tangu ujana wetu. Nyama ya Burma tumeila mara zisizo na hesabu, na jina lake tumelitamka mara zaidi ya hizo, wala siku moja hatukujiuliza limetoka wapi. Na jirani na soko hilo pana mtaa wa Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, nalo jina hilo tunalo huku pwani pia, kwa ndugu zetu Wagiriama. Mtu wa kwetu akilisikiliza vizuri atasikia ndani yake neno lola, yaani tazama: kaloleni, nendeni mkatazame. Mara ngapi tumepita Kaloleni bila ya kutazama kitu!

Basi suali letu katika karatasi hii ni hili. Kila mmoja wetu alizaliwa na ile kiu ya kuuliza. Mtoto mdogo huuliza kama anavyopumua: mbona mwezi watufuata, mbona bahari ina chumvi, mbona babu halii. Kiu hiyo huenda wapi? Na je, mtu aliyefika miaka arubaini, mwenye kazi yake na jina lake, aweza kuirudia, tena yafaa airudie?

Wengine husema kwamba huondolewa na umri, kama yaondokavyo meno ya utotoni. Sisi hatuoni hivyo. Njaa ya chakula haiondolewi na umri, sembuse njaa ya kujua, ambayo ndiyo iliyompa mwanadamu daraja yake. Lililo karibu zaidi na kweli ni kwamba mlango hufungwa, na wenye kuufunga ni watu: mzazi, kisha mwalimu, mwisho mtu mwenyewe hujifungia. Imam Mujahid, katika tabiina, ametaja watu wawili ambao hawatapata ilimu: mwenye kuona haya na mwenye kibri. Mtazameni mtoto, hana hata kimoja katika viwili hivyo. Haya yake haijaingia bado katika mambo ya ilimu, na cheo cha kukilinda hana. Ama mtu mzima ameitwa fundi, ameitwa nahodha, ameitwa karani mkuu, ameitwa sheikh. Na kila suali lijalo mdomoni mwake huliona kama tundu katika kanzu yake, akakaza mkono juu yake lisionekane. Baada ya miaka kumi ya kuziba tundu, hajui tena kama chini yake pana mwili.

Na haya nayo si ya kudharauliwa nguvu zake. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliwauliza masahaba zake ni mti gani ulio mfano wa Muislamu. Watu wakafikiria miti ya majangwani. Abdullah bin Umar alikuwapo, kijana mdogo kuliko wote, na moyoni mwake likamjia jibu lenyewe, kuwa ni mtende. Lakini aliwaona Abu Bakr na Umar wamenyamaza, akaona haya kusema mbele yao. Baadaye alipomweleza babake, Sayyidna Umar hakumsifu kwa adabu yake. Alimwambia kuwa lau angalisema, ingalikuwa bora kwake kuliko mali nyingi. Wazazi wa mji wetu, ambao hujifakhiri kwa mtoto asiyefungua kinywa mbele ya wageni, na waitafakari khabari hii.

Sasa yatubidi tueleze jambo letu wenyewe, ijapokuwa si zuri kwetu.

Pale Burma, mwenyeji wetu alipokuwa akipatana bei, muuza nyama alikuwa akitutazama sana. Alikuwa mtu wa miaka thalathini na kitu, mwenye mikono mipana. Akaweka kisu chini, akajifuta, akatoka nyuma ya gogo lake la kukatia nyama, akatuamkia: "Shikamoo, Maalim. Hunikumbuki." Tukamwambia atusamehe. Akasema: "Mimi ni Bani Israil."

Ndugu zetu, tungalipewa kofi tusingalishtuka zaidi. Miaka ishirini na zaidi iliyopita, tulipokuwa vijana tumepewa darasa letu la kwanza katika chuo kimoja cha Mji wa Kale, Mombasa, tulikuwa tukiwasimulia watoto kisa cha ng'ombe katika Suratul Baqara: vipi Bani Israil waliamrishwa kupitia kwa Nabii Musa (A.S.) wachinje ng'ombe, nao wakawa wauliza ni ng'ombe gani, wa umri gani, wa rangi gani, wa kazi gani, mpaka jambo lililokuwa jepesi likawa zito. Tukawaambia watoto kuwa hayo ndiyo malipo ya kuuliza sana. Siku chache baadaye tukawasimulia kisa kingine kilichomo katika sura hiyo hiyo, cha Nabii Ibrahim (A.S.), alipomwomba Mola wake amwonyeshe vipi huhuisha wafu, naye akaamrishwa atwae ndege wanne. Mtoto mmoja wa miaka kumi na moja akainua mkono, akasema: "Maalim, mbona Nabii Ibrahim aliuliza jambo kubwa zaidi asilaumiwe, na wale waliuliza rangi ya ng'ombe tu wakalaumiwa?"

Jibu hatukuwa nalo. Vitabu tulivyosomeshwa tulivihifadhi, lakini hapana siku tuliyoviweka visa viwili hivyo upande kwa upande. Na badala ya kusema hatujui, tulisema: "Kaa kitako. Wewe ndiye katika Bani Israil." Watoto wakaangua kicheko, nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulifurahi kwa kicheko kile kwani kilitusitiri. Tangu siku ile jina likamganda. Wenzake walimwita hivyo chuoni na barazani na ufukweni. Haukupita mwaka akawa haji. Tukaambiwa amechukuliwa na mjomba wake Nairobi, nasi hatukuuliza zaidi.

Alituambia pale sokoni, bila ya hasira: "Maalim, kiboko hakikuniudhi, sote tulipigwa. Walicheka, na wewe ukacheka." Hakuwahi kuhitimu Qur'ani. Akatuonyesha kijana wake wa miaka tisa kwenye picha ya simu, yuko chuoni Majengo. Tukafurahi, tukamwuliza anamwambia nini kijana wake aendapo kusoma. Akajibu: "Namwambia asikilize, ahifadhi, na asiulize."

Maneno haya yametuuma, na ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu. Mtu yule hakuacha kuuliza. Tulikaa naye muda mrefu, na tulichokiona ni kwamba yote aliyo nayo leo ameyapata kwa kuuliza. Alifika Burma akiwa mchukuzi, akibeba mapaja ya ng'ombe begani kutoka garini alfajiri. Wenzake walibeba wakalipwa wakaenda zao. Yeye alisimama nyuma ya wakataji wazee akiwauliza mbona wapasua hapa na wasipasue pale, mpaka akajua kuufuata ungo kwa kisu pasi na kuvunja mfupa kwa shoka. Aliwauliza Waborana na Wamaasai waletao mifugo vipi wamjua mnyama mgonjwa kwa kumtazama macho na manyoya. Mwezi wa Julai 2019, waandishi wa runinga waliposhuhudisha kwamba nyama katika baadhi ya maduka makubwa ya Nairobi hutiwa dawa ya sodiamu metabisalfaiti ili ionekane mbichi siku nyingi, mji mzima ulistaajabu. Yeye alituambia kuwa wauza nyama wengi walikuwa wakiiona nyama isiyobadilika rangi wala kutuliwa na nzi, na kila mmoja akanyamaza asije akaonekana mjinga wa biashara. Suali lenyewe lilikuwa la mtoto: mbona nzi hawatui?

Lakini katika dini, alikofungiwa mlango, amebaki na miaka kumi na moja. Na mwanawe anamfungia kwa mkono wake mwenyewe, kwa kumhurumia.

Kisha akatufundisha somo. Tulikuwa tukimweleza masharti ya mnyama wa udhhiya katika madhehebu ya Imam Shafi, kwamba ng'ombe awe ametimiza miaka miwili, jambo ambalo tumelisomesha kila Mfunguo Tatu kwa muda wa miaka ishirini. Akatuuliza: "Na Maalim humjuaje ametimiza?" Tukasema kwa khabari ya mwenyewe. Akacheka, akakitwaa kichwa cha ng'ombe kilichokuwa mezani, akakifungua kinywa. Akatuonyesha kuwa ng'ombe hana meno ya mbele katika taya la juu kabisa, ila ufizi mgumu tu. Na katika taya la chini yale meno ya utotoni hung'oka jozi baada ya jozi, na jozi ya kwanza ya meno makubwa humtoka kwenye miaka miwili au kupindukia kidogo. Hapo tukakumbuka kwamba neno la Kiarabu lililomo katika hadithi na vitabu vya fiqhi kwa mnyama wa umri huo, musinna, asili yake ni jino. Jino lilikuwamo ndani ya neno muda wote huo! Tumelisoma, tumelifasiri, tumelitolea fatwa, na hatukuwahi kumfungua ng'ombe kinywa. Tukainama juu ya kichwa kile pamoja na yule mtoto wa miaka saba, tukayahesabu meno, na twakiri kuwa ni muda mrefu hatukupata ladha ya ilimu kama ile.

Wako watakaotwambia: mnataka kufungua mlango wa fitina. Qur'ani yenyewe imekataza kuuliza mambo ambayo yakidhihirishwa yatawaudhi wenye kuuliza, na Mtume (S.A.W.) amechukia wingi wa masuali. Twasema hayo ni kweli, nasi hatuyafichi. Tena twaongeza kuwa Uislamu umekataza kupeleleza aibu za watu. Na mwenye kuuliza jirani alirudi saa ngapi na mke wa fulani ana nini, huyo hana kiu ya ilimu, ana njaa ya nyama ya nduguye. Miji yetu ya pwani haikupungukiwa na masuali ya namna hii. Simu za siku hizi zimeyazidisha, kwani mtu hulala na khabari za watu elfu mkononi na asijue jina la ndege aimbaye juu ya paa lake.

Lakini Mtume (S.A.W.) huyo huyo alikuwa akiulizwa na Bibi Aisha (R.A.) kila asipofahamu, na imepokewa kwamba ilikuwa tabia yake asisikie jambo lisilomwelea illa alirejee mpaka alifahamu. Alipomsikia Mtume akisema kuwa atakayehesabiwa ataadhibiwa, alimkumbusha kwamba Qur'ani imetaja hesabu iliyo nyepesi. Hakuambiwa akae kitako. Alielezwa kuwa ile ni kuonyeshwa amali tu, na mwenye kuangamia ni yule atakayehojiwa hesabu yake. Na walipokuwa safarini baadhi ya masahaba, mmoja wao alipigwa na jiwe kichwani, kisha akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama anayo rukhsa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, naye akaoga akafa. Mtume alighadhibika kwa khabari ile, akawalaumu kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui. Mtu aliuawa na jibu la watu walioona tabu kusema hatujui. Ni nani katika sisi wenye vilemba awezaye kuisoma khabari hii bila ya kujigusa shingo?

Basi tofauti iko wapi baina ya suali na suali? Tulimwambia muuza nyama wetu kwamba deni lake tumekuja kulilipa, ijapokuwa limechelewa miaka ishirini. Tukamweleza waliyoyasema wafasiri: Bani Israil walikuwa wameamrishwa jambo lililo wazi, nao wakauliza ili wasilifanye; ama Nabii Ibrahim alikuwa amekwisha amini, akaomba kuona ili moyo wake upate utulivu. Akafikiri, kisha akasema kwa lugha ya kazi yake: "Nimefahamu, Maalim. Hapa kwangu hupita watu wa namna mbili. Mmoja huniuliza bei ya steki, bei ya mbavu, bei ya maini, na kikapu hana. Mwingine huniuliza ipi yafaa pilau, na kikapu amekishika. Yule wa kwanza auliza ili aende zake, na huyu auliza ili achukue." Hatukuona katika tafsiri yoyote maneno mepesi kuliko hayo. Mtoto mdogo huja na kikapu sikuzote. Sisi wakubwa ndio tuendao sokoni mikono mitupu, tukauliza ili tuonekane tumeuliza, au tusiulize kabisa ili tuonekane tumeshiba.

Na wala pasiwe na mtu wa kusema kuwa haya ni mambo ya madrasa tu. Mwaka 1963 huko Tanganyika, mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, jina lake Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kwa kuogopa kukosa nafasi ndani ya friza, alitia maziwa yake yangali moto bila ya kuyangoja yapoe. Akaona yake yameganda kabla ya yaliyokuwa baridi. Akamuuliza mwalimu wake, akaambiwa umechanganyikiwa. Lakini aliwakuta watengenezaji aiskrimu mjini Tanga, watu wa biashara ya kawaida, wakifanya hivyo hivyo kila siku kwa kuwa huganda upesi. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akachekwa, hata kosa lolote la hesabu darasani likawa laitwa kwa jina lake. Alipokuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne, kijana yule akasimama mbele ya watu wote akauliza mara ya tatu. Wenzake wakacheka. Mgeni hakucheka, ingawa moyoni hakusadiki, alikwenda akajaribu. Mwaka 1969 wakaandika pamoja, na mpaka leo wataalamu wa dunia wabishana juu ya jambo hilo wakiliita kwa jina la Mpemba. Wengine wasema halitokei daima, wengine wasema halijathibiti. Kwetu sisi shani si barafu. Shani ni kijana aliyechekwa mara mbili akasimama ya tatu, na mtu mzima mwenye shahada aliyekubali kupelekwa maabara na suali la mtoto. Jina lake lilifanywa kejeli, kama lilivyofanywa la mwanafunzi wetu. Tofauti ni kwamba yeye alikutana na mtu mmoja ambaye hakucheka.

Hata katika maulamaa wetu wa pwani tunao mfano wa mtu kurudi utotoni baada ya cheo. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Itsandraa katika Ngazija mwaka 1861, alipata ukadhi wa Unguja katika zama za Sayyid Barghash angali kijana. Mtu mwingine angaliona amefika. Yeye aliuacha, akasafiri mpaka Istanbul, Hijazi na Hadhramaut, akakaa tena chini mbele za masheikh kama mwanafunzi. Aliporudi Unguja mwaka 1888 ndipo alipokuwa yule bahari ya ilimu ambaye watu walimjia kutoka kila bandari mpaka alipofariki mwaka 1925. Na katika waliokwenda Unguja kusoma kwake alikuwamo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, ambaye naye, akiwa amekwisha kuwa alimu mkubwa, alikaa kuyasoma maandishi ya Misri ya Sheikh Muhammad Abduh na Sayyid Rashid Ridha, akajiuliza mbona Waislamu wamebaki nyuma, na mwaka 1930 akaanza kuandika Sahifa yake kwa Kiswahili ili watu wote wajiulize pamoja naye. Jambo hilo liliwaudhi wengi wakati ule. Leo sote twajidai wanafunzi wake.

Twarudi kwenye suali: je, kiu hii yarudi kwa mtu mzima? Yarudi, lakini hairudi kwa kuitamani. Hurudi pale mtu anapokubali kuonekana hajui mbele ya aliye chini yake: fundi mbele ya mwanagenzi wake, baba mbele ya binti yake, mwalimu mbele ya muuza nyama. Hilo ndilo gumu, na hilo ndilo wengi wetu twalikimbia kwa kununua vitabu zaidi. Imam Malik, ambaye Madina nzima ilikuwa ikimtegemea, imepokewa kuwa aliulizwa masuali mengi na mtu aliyetoka mbali, akajibu machache, na yaliyobaki akasema hayajui. Na alipoambiwa watu watasema nini, hakujali. Sisi tukiulizwa moja, tutajibu mawili.

Tangu tuliporejea Mombasa tumefanya jambo moja dogo katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha. Robo saa ya mwisho ni ya watoto, na sharti ni mbili: hapana mwenye kucheka, na mwalimu asiyejua aseme sijui, kisha wiki ijayo alete alichokipata. Wiki ya kwanza waliuliza masuali matatu. Wiki ya nne tulikosa nafasi. Wazee wawili wamelalamika kuwa watoto wanavunja haiba ya msikiti, na mmoja ameacha kuja. Twamwomba arudi, na akirudi aje na suali lake.

Ama mwanafunzi wetu wa Burma, tulimwomba msamaha mbele ya wateja wake, kwa sauti, kwani tulimkosea mbele ya watu. Tukamwomba pia amwambie mwanawe aulize. Alinyamaza, akasema: "Nitafikiri, Maalim." Hatukumlaumu. Alipokuwa akifunga nyama ya arusi, akainua kichwa akauliza: "Wale ndege wanne wa Nabii Ibrahim, walipomrudia wazima, waliruka wakaenda zao, au walikaa naye?"

Tukamwambia: "Hatujui."

Akatutazama kwa muda. Kisha akarudi kwenye mizani, akaongeza vipande viwili vya mbavu, akamwambia mtoto wa miaka saba avishike vizuri visianguke.